Wiki ya Sikio

Watoto wa darasa la kwanza walimwogopa Mwalimu Mwaisha Abeid kwa sababu ya macho yake. Hakuwa mkali, na fimbo yake ilikaa juu ya kabati mpaka ikashika vumbi. Lakini ukisimama kujibu swali, alikusogelea, akainama kidogo, akakutazama mdomoni mpaka neno la mwisho litoke. Ukijaribu kujibu huku umeangalia chini, alikuinua kidevu kwa kidole kimoja. Wazazi walimsifu kwa hilo. Walisema mwalimu yule anamsikiliza mtoto mdogo kama hakimu anavyomsikiliza shahidi.

Ukweli ni kwamba Mwaisha alikuwa hasikii. Alikuwa akisoma midomo.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Mikindani, binti wa fundi cherehani aliyeshona kanzu barazani kwake, na alikua akisikia kama watoto wengine wote. Baba yake alimpeleka chuo cha ualimu wakati majirani wakimwambia waziwazi kuwa anampoteza mtoto wa kike. Alipomaliza aliolewa na Hassani, karani wa ghala la korosho la chama cha ushirika, na Hassani alipohamishiwa huku mtoni, kwenye kijiji kilichokuwa kati ya Kilambo na pwani ya Msimbati, naye akaomba kumfuata. Akapewa darasa la kwanza. Akalipenda tangu siku ya mwanzo, akamkatalia kila mwalimu aliyetaka kubadilishana naye.

Wakati ana mimba ya mwanawe Muhidini, alishikwa na homa kali, akalazwa, akachomwa sindano za kwinini. Masikio yakaanza kuvuma. Homa ikapoa, mtoto akazaliwa salama, lakini ule mvumo haukuondoka, na nyuma yake sauti za watu zikawa zinakwenda mbali kidogo kidogo, mithili ya watu wanaoongea huku wakishuka kilima. Hakujua kama ni homa au dawa iliyomfanya hivyo. Naye hakumwuliza mtu. Alijizoeza kukaa akiutazama mlango. Alijizoeza kuuliza maswali ambayo majibu yake anayajua. Mtoto akilala mchana, alimlaza kwenye mkeka palepale miguuni pake, na watu wakasema mama huyu ana mapenzi.

Hassani, mumewe, alijua kuwa mkewe amebadilika. Hakujua kilichombadilisha.

Miaka ile vita vilikuwa vikiendelea ng'ambo ya Ruvuma, na mara moja moja ndege za Wareno zilivuka mto zikapita juu ya mikorosho ya watu. Kwa hiyo wazazi na walimu walichimba handaki nyuma ya shule, wakalifunika kwa magogo na udongo. Watoto walifundishwa jambo moja kabla hata ya kufundishwa kushika kalamu: ukisikia mlio angani, usingoje kuambiwa, kimbia, ingia, lala. Darasa la kwanza ndilo lililokuwa karibu zaidi na handaki, kwa sababu miguu ya wadogo ni mifupi. Ndege ilipokuja, Mwaisha aliwaona watoto wakiinuka, naye akainuka. Alitoka nao, akaingia nao, akalala nao. Hakuna aliyeng'amua kuwa katika jambo hilo yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Basi ikafika wiki moja ya mwezi wa kumi, joto limeanza kushika na mabibo yameanza kudondoka mikoroshoni. Darasa la kwanza wiki ile lilikuwa na mambo mawili. Katika kusoma, lilikuwa limefika kwenye silabi za ra, re, ri, ro, ru. Katika maarifa, lilikuwa linaanza milango mitano ya fahamu, mlango mmoja kila siku: Jumatatu jicho, Jumanne pua, Jumatano sikio, Alhamisi ulimi, Ijumaa ngozi.

Jumatatu Mwaisha alichora jicho kubwa ubaoni, lenye kope na mboni, watoto wakachekeana wakitazamana machoni kwa karibu mpaka paji likagusa paji. Halafu wakaingia kwenye kusoma. Aliandika ra, akageuka, akawaonyesha ulimi wake.

"Ulimi juu, halafu utikisike. Ra! Tena, wote."

Watoto wale wengi wao nyumbani walizungumza Kimakonde, na ulimi wao ulikuwa umezoea la. Wakafungua midomo, wakapiga kelele kwa furaha: "La! Le! Li! Lo! Lu!"

Mwaisha akaona midomo inafunguka, akaona ndimi zinapanda. "Safi kabisa! Tena!"

"La! Le! Li! Lo! Lu!"

Mwalimu Mkuu, Mathayo, mtu wa Masasi, mrefu, mwenye subira na kikohozi kisichopona, alikuwa anapita dirishani. Akasimama. Akaangalia ubaoni, akaona ra imeandikwa kwa chaki nyeupe, imenyooka. Akamwangalia mwalimu, akamwona anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasubiri masahihisho. Hayakuja.

Wakati wa chai alimkuta ofisini, amempa mgongo, anamimina chai. Akasema taratibu, "Mwalimu Mwaisha, nilipita darasani kwako." Mwaisha akaendelea kumimina. Mathayo akakohoa, akazunguka mpaka mbele yake. "Nasema, watoto wako wanasema la."

La na ra ukiziangalia mdomoni mwa mtu, hazina tofauti. Mwaisha akatabasamu. "Ndiyo, Mwalimu Mkuu. Wameipata upesi sana."

Mathayo alidhani anadhihakiwa, tena na mwalimu ambaye siku zote alimhesabu kuwa mtu wa adabu. Akachukua kikombe chake, akaenda kunywea nje.

Jumanne ilikuwa siku nzuri. Kila mtoto alileta kitu chenye harufu: bibo lililoiva, kitunguu, dagaa mkavu, kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Mtoto mmoja aliyeitwa Petro alileta soksi ya baba yake, darasa zima likakimbilia dirishani. Mwaisha alicheka nao mpaka machozi yakamtoka. Lakini walipokuwa wanafunga vitabu, alikuwa ameshaamua kuwa kesho ataruka sikio, aende moja kwa moja kwenye ulimi. Nani angejua? Alikuwa anafuta ubao alipoona kivuli kidogo kando yake. Ni Petro yuleyule.

"Mwalimu, kesho masikio, siyo? Nije na kengele ya baiskeli ya baba?"

Macho ya mtoto yalikuwa yanameta. Mwaisha akasema, "Njoo nayo."

Jumatano wakacheza mchezo. Mwaisha alipanga vitu juu ya meza ya nyuma: debe, kibuyu chenye mahindi ndani, karatasi ya kuchana, vijiwe viwili, na kengele ya Petro. Mtoto mmoja alikwenda nyuma, wengine wakalaza vichwa juu ya madawati na kufumba macho. Kitu kikapigwa, wao wakakisia ni kipi. Mwaisha alisimama pembeni na macho yake wazi, akaona kila kilichopigwa, akamwambia kila aliyepatia kuwa amepatia. Mchezo ulikwenda vizuri kiasi kwamba kifua chake kilianza kulegea.

Hapo msichana mmoja, Mwanakombo, akasimama. "Mwalimu, na wewe!"

"Na wewe, mwalimu! Na wewe!" Aliyaona maneno hayo kwenye midomo ya darasa zima.

Angeweza kukataa. Lakini Jumatatu aliwaambia kuwa milango ile mtu yeyote anayo, mkubwa kwa mdogo, na sasa walikuwa wanaitaka zamu yake kwa haki. Akageuka ukutani, akafumba macho.

Hakuwa amewahi kufumba macho mbele ya watu tangu alipougua. Dunia yote ilizimika kwa mara moja. Hakuna watoto, hakuna shule, hakuna mchana. Ni ule mvumo tu kichwani, na ubaridi wa ukuta aliouegemeza kiganja. Akasubiri. Akajaribu kupima moyoni ni muda gani mtoto anaweza kuchukua kuchagua kitu na kukipiga. Alipoona umetosha, akasema kwa sauti ya uchangamfu, "Debe!"

Akageuka.

Petro alikuwa bado amejikunja kwenye meza ya nyuma, anahangaika kunasua kengele yake iliyonasa kwenye shati. Hakuwa amepiga kitu chochote. Baadhi ya watoto walikuwa wanacheka. Wengine walikuwa wameacha kucheka.

Msichana mwingine, Felista, aliyeketi dawati la mbele, alikuja mpaka karibu kabisa na mwalimu wake. Nyumbani kwao Felista alilelewa na bibi yake, na kazi ya kumfikishia bibi maneno ya watu ilikuwa yake. Akasimama mahali ambapo mwanga wa dirisha ulimwangukia usoni, akasema polepole, akiufungua mdomo wake sana.

"Mwalimu, Petro hajapiga bado." Akafikiri kidogo. "Bibi yangu naye yuko hivyo. Anajibu kabla hajaulizwa."

Mwaisha aliwaangalia. Maneno ya kujiokoa yalikuwa tayari ulimini: kwamba alikuwa anawatania, kwamba alitaka kuona kama wako makini. Yalikuwa maneno mazuri, na wangeyaamini wote isipokuwa mmoja. Lakini Felista alikuwa bado amesimama palepale kwenye mwanga, anangoja, bila kumcheka wala kumwonea huruma, kama anavyongoja bibi yake amalize kufikiri. Mwaisha akavuta kiti, akakaa.

"Masikio yangu yameharibika," alisema.

"Yote mawili?" Petro aliuliza.

"Yote mawili."

Petro akahesabu kwa vidole vyake. "Kwa hiyo mwalimu una milango minne."

"Ndiyo. Minne."

"Sasa sisi unatusikiaje?" aliuliza Mwanakombo.

"Siwasikii. Nawaona."

Jambo hilo wakalikubali bila taabu yoyote, kwa maana wiki ile walikuwa wanajifunza mambo ya ajabu zaidi ya hayo; walikuwa wameambiwa kuwa jicho huona picha kichwa chini, na hawakubisha. Aliyepata taabu ni Mwaisha. Wazo moja lilimjia, likamfanya ainuke. Aliandika ubaoni ra, kando yake akaandika la.

"Hii na hii," aliwauliza, "mkizisema, zinafanana?"

"Zinafanana!" walijibu wote, kwa fahari.

Hapo ndipo alipoelewa maneno ya Mwalimu Mkuu kwenye chai. Akakaa tena, chaki ikiwa mkononi. Alikuwa amewasifu kwa kosa, tena na tena, na wao walikuwa wamekwenda nalo nyumbani wakiwa na furaha. Akajiambia atakwenda kwa Mathayo kesho, somo la ulimi likiisha. Siku moja zaidi, basi.

Alhamisi akaja na chumvi, ndimu, sukari, na majani ya mwarobaini. Watoto walitoa ndimi nje wakapita mmoja mmoja, naye akawadondoshea. Walipofika kwenye mwarobaini nyuso zilikunjamana, wakatema mate dirishani, na Mwaisha akageuka ubaoni kuandika neno chungu. Alikuwa amefika kwenye herufi ya u alipohisi mtu amemvuta gauni.

Siku nyingine zote angeona watoto wakikimbia, naye angewafuata. Leo hawakuwa wamekimbia. Felista alikuwa amemng'ang'ania mkono, anaonyesha dari kwa kidole. Petro alikuwa amepanda juu ya kiti, amezungusha viganja mdomoni, anapiga kelele sikioni mwake, kama alivyokuwa amemwona Felista akifanya kwa bibi yake. Na wengine, walipoona hao wamebaki kumchukua mwalimu, nao wakabaki. Darasa zima lilikuwa limemzunguka, mikono yao imeshika nguo yake, nyuso zote zimeinuliwa kwake, midomo yote inasema neno moja: ndege, ndege, ndege.

Kupitia dirishani aliona wakubwa wa darasa la nne wakiishia kwenye mdomo wa handaki.

Alipiga kelele, hakujua kama sauti imetoka au la. Akawasukuma mlangoni, akawabeba wawili kwapani, akakimbia. Walipofika, handaki lilikuwa karibu limejaa. Mwalimu Mkuu alikuwa nje bado, anawapokea na kuwatupa ndani kama mizigo, na jasho limechora mistari kwenye vumbi la uso wake. Ndege ilionekana mbali, ndogo, inang'aa. Ilipinda juu ya mto, ikarudi ilikotoka. Haikudondosha kitu.

Watoto waliporuhusiwa kutoka, walitoka wakicheka na kusukumana. Mathayo hakucheka. Alimpeleka Mwaisha ofisini, akafunga mlango. Safari hii alihakikisha anamtazama usoni, kwa sababu alikuwa na hasira na alitaka ionekane.

"Darasa lako liko hatua chache kutoka handakini, mwalimu. Limefika la mwisho. Nimeona kwa macho yangu watoto wamesimama ndani ya darasa na ndege iko juu. Walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wananingoja mimi," alisema Mwaisha. "Sikuisikia. Mimi sisikii, Mwalimu Mkuu. Jana niliwaambia. Ndiyo maana hawakukimbia."

Akamweleza yote, tangu homa. Mathayo alikaa kwenye kiti chake polepole. Kikohozi kilimjia, akakimeza.

"Jumatatu," alisema, "nilikwambia wanasema la."

"Mimi niliona ra."

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Ningekwambia, ungeniachia darasa?"

Mathayo alikuwa mtu asiyependa kusema uongo, hata ule mdogo wa kumpoza mtu. Akaangalia meza yake. "Nisingekuachia," alisema. Halafu akagundua kuwa ameinamisha uso, akauinua na kulirudia neno hilo, ili alione.

Mchana ule Mwaisha hakwenda nyumbani. Alikwenda ghalani, ambako Hassani alikuwa peke yake anashona magunia, msimu ukiwa haujachanganya. Alimwambia akiwa amesimama ndani, mwanga wa mlango ukiwa nyuma ya mumewe, kisha akazunguka haraka upande wa mlangoni, ili uso wa mumewe ndio uwe kwenye mwanga. Hassani aliiacha sindano ndani ya gunia.

"Tangu lini, Mama Muhidini?"

"Tangu mtoto hajazaliwa."

Zamani Hassani alikuwa msemaji mzuri. Taa ikishazimwa, alipenda kumsimulia mkewe vituko vya ghalani, nani amelowesha korosho ili zipande uzito, nani amekuja na gunia lenye mawe chini. Mkewe alikuwa akicheka gizani. Halafu akaacha kucheka, akaacha hata kujibu. Hassani naye akaacha kusimulia, na kwa miaka sasa walikuwa wakilala kama wasafiri wawili waliokutana kwenye nyumba ya wageni.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema.

Mwaisha alimtazama mdomo, akamtazama tena, kana kwamba hakuamini alichosoma. "Na mimi nilidhani umeacha kuzungumza."

Hassani akacheka, cheko fupi lisilo na furaha, akajifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la magunia. Kisha akavuta gunia tupu, akalitandika, akampisha akae. Walikaa pale mpaka jua likapungua ukali, wakizungumza kwa zamu, na Hassani kila aliposahau akageuza kichwa, alishikwa shavu akarudishwa.

Ijumaa ilibaki, na mlango wa mwisho ulikuwa ngozi. Mathayo alikuwa ameshaamua kulishika darasa la kwanza yeye mwenyewe mpaka ofisi ya elimu itoe uamuzi. Mwaisha alimwomba kitu kimoja, kwamba amwachie wiki iishe. Mathayo akakubali, kwa sharti kwamba atakaa mlangoni na masikio yake yawe nje.

Basi akafundisha ngozi. Watoto walifumba macho wakashika pamba, wakashika jiwe, wakashika kioo kilichoachwa juani. Wakati somo linakaribia mwisho, Felista aliuliza kama sauti nayo inaweza kushikwa. Mwaisha hakuwa amelipanga hilo. Alimwita mbele, akauweka mkono wa mtoto kwenye koo lake yeye mwalimu, akasema jina la mtoto. Felista akaruka kwa mshangao, "Inatetemeka!" Darasa zima likashika makoo, likawa linasema majina na kucheka.

Mwaisha akauweka mkono wake chini ya kidevu cha Felista. "Sema la." Akahisi kitu laini kikipita. Kisha akauchukua mkono wa Felista, akauweka chini ya kidevu chake mwenyewe, akatoa ra ndefu, yenye kutikisika. Alikuwa hajaisikia ra kwa muda mrefu, lakini ulimi ulikuwa unaikumbuka. Felista akakunja uso, akajaribu. Akajaribu tena. Kila alipojaribu, Mwaisha alimtazama Mathayo mlangoni, na Mathayo alitikisa kichwa: bado. Bado. Halafu akaacha kutikisa kichwa, akasimama.

"Hiyo," alisema Mathayo. "Hiyo ndiyo."

Siku ile ni Felista peke yake aliyeipata. Mwanakombo aliikaribia. Petro alitema mate kila mahali na hakuipata, na kwa kweli wengi wa darasa lile walifika la tatu bado wakisema langi na kalatasi, mpaka walimu wengine wakawanyoosha.

Baadaye, hospitalini Mtwara, daktari alimpima Mwaisha kwa uma wa chuma unaovuma ukigongwa, akauweka nyuma ya sikio, akauweka kwenye paji la uso. Kisha akamwandikia kwenye karatasi, kwa upole, kwamba kilichokufa ndani hakifufuki. Mwaisha alikuwa amejiandaa kwa jibu hilo, lakini aliporudi kwenye benchi alilokaa Hassani, alikaa na karatasi mkononi, amefumba macho. Hassani alimngoja ayafumbue. Alishamzoea sasa, alijua kuwa mtu aliyefumba macho haambiwi neno.

Ofisi ya elimu ilichukua muda wake. Mwisho ikaamua kuwa mwalimu asiyesikia hawezi kukaa peke yake na watoto mpakani, na hilo Mwaisha mwenyewe hakulipinga. Alikuwa bado anaziona zile nyuso zilizomzunguka na ndege iko juu. Akahamishiwa Mikindani. Hassani akaomba uhamisho naye. "Korosho zinapimwa kila mahali," alisema, ingawa alijua kuwa Mikindani atakuwa chini ya karani mwingine.

Siku ya kuondoka, watoto wa darasa la kwanza walisimama kando ya lori wakampungia mikono. Wengi walidhani anakwenda sokoni. Mwaisha alipungia mpaka vumbi likawafunika, na muda wote huo hakuondoa macho kwenye midomo yao, asije akakosa neno.

Mikindani mama yake alimpokea kwa kupiga kelele, kama ambavyo watu hufanya, naye ikambidi amfundishe kuwa kelele hazisaidii, uso ndio unaosaidia. Shule mpya walimpa kuandika na kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili. Kusoma kwa sauti akapewa mwalimu mwingine, binti mdogo aliyemaliza chuo mwaka ule. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Kipindi cha kusoma kilipofika alitoka, akakaa barazani, na ukutani nyuma ya mgongo wake alihisi darasa zima likisema silabi kwa pamoja. Hakuweza kujua ni silabi gani.

Mwezi wa kwanza wakaja watoto wapya, wamevaa sare ambazo bado zina harufu ya dukani, wengine wanalia, mmoja ameng'ang'ania nguzo ya mlango na mama yake anamnasua vidole. Mwaisha akangoja mpaka wote wamekaa. Usiku uliopita alikuwa ameyatafuta maneno, akayapata, asubuhi yakampotea. Akasema yaliyokuja.

"Mimi naitwa Mwalimu Mwaisha. Masikio yangu hayasikii. Ukitaka kuniambia kitu, nyoosha mkono, ungoje nikutazame, halafu sema taratibu. Mmeelewa?"

Walimtazama, midomo wazi. Halafu kutoka dawati la nyuma mkono mdogo ukanyooka, ukangoja. Mwaisha akapita katikati ya madawati mpaka alipo, akainama, akamtazama mdomoni.

"Mwalimu," alisema yule mtoto, taratibu sana, "nimebanwa na mkojo."

"Nenda upesi," alisema Mwaisha, akampisha njia.